Mtande Unasumbua? Usikimbilie Kuongeza Wanga

Nyuzi zikianza kukatika, mwanafunzi wa mtambo huja na swali lile lile: "Fundi, tuongeze wanga?" Na mimi humjibu kama nilivyojibiwa nilipokuwa najifunza: ngoja kwanza, nenda kaangalie chini ya mtambo. Kilichoanguka chini hueleza mengi. Kuna manyoya ya pamba, kuna vumbi jeupe, na kuna siku hakuna kitu kabisa. Hizo ni dalili tatu za magonjwa matatu, na kuongeza wanga kunatibu moja tu. Hata hilo si kila mara.

Mwongozo huu ni wa wanaofuma kwa mtambo wa mkono, hasa kwa pamba: vikoi, shali, vitambaa vya meza, taulo. Wanga, ambao wengine huuita dondo na Pwani utasikia ukiitwa kanji, hutiwa kwenye mtande tu, yaani nyuzi za urefu zinazovutwa kwenye mtambo. Mshindio, yaani uzi wa upana, haupigwi wanga. Ukiuwekea utakuwa mgumu na hautakaa vizuri kwenye nguo.

Wengi hudhani kazi ya wanga ni kuufanya uzi usikatike ukivutwa. Hiyo ni faida ya pembeni. Kazi yake hasa ni kuulinda uzi dhidi ya msuguano: kulaza manyoya yake na kuuvalisha ngozi nyembamba. Chukua nguo ya mishindio 15 kwa sentimita. Kipande cha mtande kinachosafiri sentimita 10 mbele ya chanuo la mtambo (kifaa chenye meno kinachopiga mshindio) kitapitiwa na chanuo hilo mara 150 likienda na mara 150 likirudi, kabla hakijawa nguo. Juu ya hapo kuna vitanzi vinavyoupandisha na kuushusha uzi kila hatua. Uzi mtupu wa msokoto mmoja hauvumilii hayo.

Kipimo nitakachokirejea hapa chini ni hiki: gramu 50 za wanga wa muhogo kwa lita 1 ya maji, na nusu kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, kwa pamba ya msokoto mmoja. Uzi pacha, yaani nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, unatosheka na gramu 20 hadi 25, na uzi pacha mzuri wa kiwandani mara nyingi hauhitaji wanga wowote. Kabla hujaendelea kusoma, hakikisha uzi wako unauhitaji. Kuna watu wanahangaika na matatizo ya wanga kwenye uzi ambao ungefumika vizuri bila hata tone.

Kicha shahidi

Kabla ya kutafuta ugonjwa, uwe na kitu cha kulinganishia. Ninapoandaa vicha vya uzi (kicha ni uzi uliozungushwa duara na kufungwa, haujawa donge) huacha kimoja kidogo bila wanga. Hicho nakiita shahidi.

Shahidi ana kazi mbili. Ya kwanza ni mizani. Pima kicha kabla ya wanga, kipime tena kikikauka kabisa. Kilikuwa gramu 100, sasa ni 106: umeweka asilimia 6. Lakini pamba yenyewe hunywa unyevu wa hewani, na siku ya mvua kicha kinaweza kuongezeka uzito kwa unyevu tu. Ndiyo maana shahidi naye anapimwa siku zote mbili. Ikiwa naye ameongezeka gramu 2 kwa kila 100, basi wanga wako si 6, ni kama 4. Kwa pamba ya msokoto mmoja mimi hulenga kati ya 6 na 10. Viwandani huenda zaidi, lakini wao wana mashine za kasi.

Ya pili ni vidole. Kunja uzi wenye wanga karibu na sikio: ukisikia mlio wa kuvunjika kama jani kavu, ngozi ni ngumu mno. Kisha ukwaruze kwa kucha mara 20 mahali pamoja, na umfanyie shahidi vivyo hivyo. Kama baada ya mara 20 zote mbili zimeota manyoya sawa, wanga wako haufanyi kazi, hata kama mizani inasema upo.

Manyoya yanajikusanya mbele ya chanuo, nyuzi jirani zinashikana

Hii ndiyo kesi ninayoletewa mara nyingi. Mwanya wa mtande, yaani nafasi ya kupitishia mshindio, haufunguki vizuri, nyuzi mbili zinapanda pamoja kama zimeshikana mikono, na vidonge vidogo vya pamba vinajiviringisha mbele ya meno ya chanuo. Mwishowe kidonge kinakataa kupita na uzi unakatika.

Haraka haraka unasema wanga ni kidogo. Pima kwanza. Mizani ikionyesha asilimia 2 au 3, sawa, ni kidogo, na hapo kuongeza ni halali. Lakini mara nyingi mizani inaonyesha 7, na manyoya yapo vile vile. Maana yake wanga upo, ila uko ndani. Uji mwepesi sana na wa moto sana huzama hadi kwenye moyo wa uzi na kuacha ngozi tupu. Uzi unakuwa mgumu kama waya huku nje una manyoya. Tiba ni kuufanya uji uwe mzito kidogo, au kuuacha upoe hadi uweze kutumbukiza mkono bila kuumia, ndipo uchovye vicha. Unataka nusu izame ndani ili ngozi ipate mizizi, na nusu ibaki nje.

Sababu nyingine ni namna ya kukausha. Kicha kilichotundikwa kikiwa kimelegea hukauka na manyoya yake yamesimama, kama nywele zilizokauka bila kuchanwa. Tundika kwenye ufito, weka uzito chini (chupa ya maji ya lita 1 au 2 inatosha kwa kicha cha gramu 100), na kila baada ya dakika chache kizungushe na kukikung'uta. Wapo wanaopaka wanga mtande ukiwa tayari kwenye mtambo, kwa brashi, kipande kwa kipande. Kwa hao dawa ni moja: piga brashi kuelekea upande mmoja tu. Ukipiga kwenda na kurudi unalaza manyoya kisha unayaamsha.

Wafumaji wa Tamil Nadu na Andhra Pradesh kule India Kusini hutandaza mtande mzima barabarani alfajiri na kuupaka maji ya wali na mafuta kwa brashi ndefu. Kwa Kitamil maji hayo ni kanji, neno lile lile la kwetu. Alfajiri haichaguliwi kwa ajili ya ubaridi wa mtu. Jua kali hukausha wanga kabla brashi haijamaliza kulaza manyoya. Niliposoma hilo nikaacha kupiga wanga saa sita mchana.

Kama umeshafuma nusu na huwezi kuanza upya, pika uji mwepesi (gramu 15 hadi 20 kwa lita), paka kwa sponji kwenye sehemu iliyo kati ya mti wa nyuma (ule unaozungushiwa mtande) na vitanzi, fungua mwanya na kuufunga mara kadhaa wakati inakauka ili nyuzi zisigandane, kisha endelea. Ni kiraka, lakini kimeniokoa.

Kicha cha kwanza kizuri, cha mwisho kibovu

Watu hulaumu uzi. Lawama ni ya maji. Tunalowesha vicha kabla ya kuvichovya, na kila kicha kinaingia kwenye sufuria na maji yake. Sema una lita 2 za uji zenye gramu 100 za wanga, na vicha 5 vya gramu 100. Kila kimoja kinaingia na mililita 100 za maji na kutoka na mililita 150 za uji. Piga hesabu hadi cha tano: kitakuta uji uliopungua nguvu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na cha kwanza. Wa kwanza wanakunywa uji, wa mwisho wanakunywa maji ya kuoshea sufuria.

Kamua vicha vilivyoloweshwa mpaka visidondoke, ukiweza viviringishe ndani ya taulo. Au pika uji mwingi zaidi ya unaohitaji. Au weka uji mzito pembeni na uongeze kijiko kikubwa kila baada ya vicha viwili. Na usipange vicha vya mwisho vyote upande mmoja wa mtande. Changanya, ili udhaifu ukiwepo usikae mahali pamoja.

Vumbi jeupe chini ya mtambo

Hapa wanga unatoka kwenye uzi badala ya kukaa. Ukiongeza, utaongeza vumbi. Swali la kwanza ninalouliza ni: ulitumia nini? Kuna aliyenijibu "unga wa sembe." Sembe si wanga, ni punje zilizosagwa, na punje hizo zikikauka juu ya uzi hubanduka zikiguswa tu. Unga wa muhogo wa kupikia ugali nao una nyuzinyuzi zake. Unachohitaji ni wanga wenyewe: muhogo uliokunwa, ukakamuliwa kwenye maji, ukachujwa, ukaachwa utuame, na kile cheupe kilichotuama kikaanikwa. Unga wa ngano hufanya kazi, na umetumika karne nyingi, ila upike sana, uuchuje kwa kitambaa, na ujue unaoza haraka kuliko wanga wa muhogo.

Kama ulitumia wanga sahihi na vumbi lipo, shuku upishi. Wanga wa muhogo huanza kuvimba maji yakikaribia nyuzijoto 60 hadi 70, na wengi wakiona umekuwa mzito huzima jiko. Bado. Punje nyingi hazijapasuka, na punje isiyopasuka haigandi, inakaa juu ya uzi kama poda. Koroga wanga kwenye maji baridi kwanza, mimina kwenye maji ya moto huku ukikoroga, uache uchemke, kisha uendelee kwa moto mdogo dakika 10. Rangi ndiyo mwalimu: mwanzo ni nyeupe kama maziwa, mwisho unaona mwiko ndani yake. Usiuchemshe nusu saa nzima ukikoroga kwa nguvu, maana wanga wa muhogo ukipigwa sana hulegea na kuwa maji. Na usitie limau kwa kudhani unauhifadhi. Asidi na moto huukatakata wanga na uji unapoteza nguvu.

Sababu ya tatu ni ngozi nene kupita kiasi. Uji mzito na baridi haukuzama, umekaa nje kama koti lisilofungwa vifungo. Vitanzi vinalivua. Hapa tiba ni kinyume cha ile ya manyoya: uji mwepesi zaidi, wa moto zaidi, na kicha kikandwe vizuri ndani ya sufuria ili uingie kila mahali.

Nyuzi zinakatika kavu, "pwa", na chini hakuna kitu

Hakuna manyoya, hakuna vumbi, uzi umelala vizuri, na bado unakatika kama tambi mbichi. Hapa usiguse sufuria kabla ya kuuliza hali ya hewa.

Nilijifunza kufuma Tanga, nikaja kufanya kazi Dodoma. Mwezi wa nane, kipupwe kimekauka na upepo unapiga, kipimo kile kile kilichonipa mtande mlaini Pwani kilinipa vijiti. Nilipunguza wanga, nikabadili uzi, nikamlaumu muuzaji. Kisha jioni moja mama mwenye nyumba akamwagia maji sakafu ya chumba cha kufumia ili kutuliza vumbi, na kesho yake asubuhi mtande ukafumika bila kukatika hadi saa nne. Saa nne sakafu ilikuwa imekauka.

Ngozi ya wanga inahitaji unyevu ili ipinde. Hewa ikikauka, inageuka kioo. Pamba yenyewe nayo huongezeka nguvu ikiwa na unyevu, tofauti na sufu au viskosi ambazo hulegea zikilowa. Ndiyo maana viwanda vya kufuma pamba hutunza hewa yenye unyevu wa asilimia 75 hadi 85, na ndiyo maana wafumaji wa kitani Ulaya walikuwa wakikaa kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Kule Lancashire, Uingereza, jambo hili lilifika pabaya. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba nzuri, viwanda vikatumia pamba fupi ya India, na ili ifumike wakaijaza unga, mafuta ya wanyama na udongo mweupe wa kaolini. Wanga mwingi namna hiyo ulihitaji mvuke mwingi ili usivunjike, na wafanyakazi wakashinda kwenye mvuke na vumbi la udongo. Mwaka 1872 Dkt. George Buchanan aliandika ripoti ya serikali kuhusu hali hiyo katika mji wa Todmorden. Nikimwona mtu anarundika wanga kuficha uzi mbovu namkumbuka.

Tiba kwa mfumaji wa nyumbani: mwagia sakafu maji au tundika taulo lililolowa nyuma ya mtambo, fuma asubuhi na jioni, funika mtande kwa khanga yenye unyevu usiku (yenye unyevu, si inayodondoka). Kwenye uji, ongeza kijiko kimoja cha chai cha gliserini kwa lita. Inapatikana duka la dawa na inavuta unyevu hewani. Hiyo ni kwa Dodoma, Singida, na kwa kiangazi. Ukiitia gliserini Tanga wakati wa masika utaishia kwenye tatizo la sehemu inayofuata.

Na mafuta ya nazi? Yanalainisha ngozi, lakini huganda joto likishuka chini ya nyuzijoto 24 hivi. Njombe au Lushoto asubuhi yatakuwa madoadoa ya nta kwenye uzi. Huko tumia mafuta yasiyoganda, machache. Mafuta yakizidi popote pale, wanga haushiki.

Nyuzi zimegandana

Kicha kimekauka kikawa kama mswaki, ukikifungua kinachanika. Hiyo ni uzembe wa kukausha: hakikuzungushwa, hakikukung'utwa. Usikivute kwa nguvu. Kipulizie maji kidogo, kifunge ndani ya mfuko saa moja, kisha kizungushe kwenye bobini kikiwa na unyevu kidogo. Kikikataa kabisa, loweka upya utoe wanga uanze tena, uzi hauharibiki.

Kama zimegandana zikiwa kwenye mti wa nyuma, ulizizungusha kabla hazijakauka, au hewa ina unyevu mwingi na gliserini yako inaendelea kunywa. Fungua mtande, tenganisha nyuzi kwa fito zinazozipishanisha, acha upepo upite, uzungushe upya ukiweka karatasi kavu kati ya tabaka na tabaka.

Uji wa mahindi una ugomvi wake hapa: ukipoa unaganda kama jeli na kuacha mabonge kwenye uzi. Wa muhogo haugandi sana. Kama una wa mahindi tu, utumie ukiwa moto na uuchuje. Bonge likishakauka kwenye uzi, libane kwa kucha mbili lisagike; usilivute.

Uzi mmoja unakatika mahali pale pale

Huo si wanga. Angalia jino la chanuo lililopinda au lenye kutu, kitanzi kilichochakaa, fundo kubwa kuliko nafasi ya jino, au uzi huo umevutwa zaidi ya wenzake. Nimeona watu wakipaka wanga mtande mzima mara ya pili kwa sababu ya jino moja.

Ukungu, harufu, mende

Tumeuweka uzi ndani ya chakula, tusishangae wakija walaji. Mtande wenye wanga si wa kuhifadhi. Piga wanga wiki unayofuma. Harufu ya uchachu kwenye uji inamaanisha umelala. Umwage, usiupashe moto. Madoa ya kijivu au meusi kwenye mti wa nyuma ni ukungu, na ukungu unakula pamba yenyewe baada ya kumaliza wanga, hivyo sehemu hiyo ijaribu kwa kuivuta kabla ya kuiamini. Mende na panya hutafuna nyuzi usiku, na kesho utadhani zimekatika zenyewe. Tofauti iko kwenye ncha: uzi uliokatika kwa kuvutwa una ncha ya manyoya, uliotafunwa umekatwa butu, na mara nyingi kadhaa kwa mstari.

Usitie sukari, maziwa wala asali kwa nia ya kulainisha. Sisimizi watakushukuru.

Rangi imetoka, au uzi mweupe umepata madoa ya kahawia

Uzi wa rangi ukichovywa kwenye uji wa moto hutoa rangi ambayo haikushika. Suuza kwa maji ya uvuguvugu mpaka yatoke meupe, kisha tumia uji uliopoa, na mweupe uanze, mwekundu na samawati mwisho. Madoa ya kahawia ni kutu: sufuria ya chuma, msumari ulipotundika, au chanuo. Tumia sufuria ya aluminiamu au ya enameli isiyobanduka.

Wanga haushiki kabisa

Uji unateleza juu ya uzi kama maji juu ya jani la mgomba. Pamba isiyochemshwa bado ina nta yake ya asili. Ichemshe nusu saa na sabuni kidogo ya mche, isuuze, ndipo uitie wanga. Sufu ya kiwandani huwa na mafuta ya kusokotea. Ifue kwa maji ya uvuguvugu, na badala ya wanga wengi huitumia jelatini. Polista na akriliki hazipendi wanga wa chakula. Viwandani hutumia dawa nyingine, kama ile ya polivinili. Kwa nyumbani, chagua uzi pacha uachane na hangaiko. Hariri mbichi ina wanga wake yenyewe, gundi ya mdudu ambayo ni kama robo au sehemu moja ya tano ya uzito wake. Wafumaji wengi huifuma nayo na kuitoa baadaye.

Na ninyi mnaofuma sweta kwa sindano au kwa mashine: lugha yetu imetupa kitenzi kimoja, kufuma, lakini kazi ni mbili. Uzi wa sweta unapinda kwenye kitanzi chenye duara dogo, na wanga unauzuia kupinda. Mashine ikikwama au uzi ukikwaruza, unachotaka ni nta. Pitisha uzi juu ya kipande cha mshumaa mweupe wakati wa kuuzungusha kwenye koni. Basi.

Nguo imekwisha, wanga hautoki

Nguo ikitoka mtamboni ni ngumu, na mgeni anadhani ni imara. Akina mama sokoni hawadanganyiki: hukifikicha kitambaa kati ya viganja na kutazama kama kinatoa vumbi, kisha hukitazama tena kwenye mwanga. Ujuzi huo ni wa zamani. Katika karne ya 19 merikani, kitambaa cha pamba, kutoka Salem na viwanda vya jirani huko Marekani ilipendwa Zanzibar na bara, na nguo za kuiga zilizojazwa wanga zilijulikana zikifuliwa mara moja.

Mara nyingi kufua kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili, kunatosha. Isipotosha, utaona nguo inakauka ikiwa na mabaka magumu, na ukiitia rangi mabaka hayo yatanywa rangi tofauti. Hakikisha kwa tone la tincha ya ayodini kutoka duka la dawa, iliyochanganywa na maji, kwenye pindo: ikigeuka samawati nyeusi, wanga bado upo, ikibaki kahawia ya njano, umekwisha.

Ukiwa bado upo, usisugue. Tumia kimea, kile cha kutengenezea togwa. Kimea cha ulezi au mtama kina kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari inayoyeyuka. Ndicho kinachofanya uji wa togwa ulegee na uwe mtamu. Saga mkono mmoja wa kimea, loweka kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu nusu saa, chuja kwa kitambaa ili rangi na makapi yasiingie kwenye nguo. Mimina maji hayo kwenye beseni lenye maji ya nyuzijoto 50 hadi 55, moto ambao mkono unauvumilia kwa shida, tumbukiza nguo, funika, subiri saa moja au mbili. Yakichemka umeua kimeng'enya na umebaki na beseni la uji. Jaribu tena ayodini kwenye pindo jingine. Kwenye nguo nyeupe, jaribu kimea chako kwanza kwenye kipande cha kicha shahidi, maana kimea cha ulezi mwekundu kisichochujwa vizuri huacha kivuli cha waridi.